Akiba isiyokatwa kodi au hisa za NSE? Mwongozo kamili wa kupanga pesa yako

Ukishika laki moja yako ya kwanza hapa Kisumu, iwe ni mavuno, iwe ni chama kimegawana, iwe ni arrears za mshahara zimeingia, washauri hawakosi. Mmoja atakwambia nunua bondi ya serikali (unaikopesha serikali kwa miaka, inakulipa riba) juu haikatwi kodi, mwingine atasema wacha kulaza pesa bwana nunua Safaricom, wa tatu atakwambia peleka yote sacco ukope mara tatu ya akiba yako. Wote wanaweza kuwa wamesema ukweli na bado wakupoteze, kwa sababu hakuna hata mmoja amekuuliza hiyo pesa unaitaka lini. Mimi ni mweka hazina wa chama, hizi hesabu nazipiga na watu kila mara, na kitu naamini kabisa ni kwamba tarehe ya kutumia pesa ndio inaamua pesa ikae wapi, kodi inafuata nyuma. Twende pole pole, nitaweka hesabu zenyewe hapa ili uzirudie mwenyewe na simu yako.

HATUA YA 1: Kila pesa ipe tarehe

Chukua karatasi uandike pesa uliyonayo na kitu itafanya, alafu kando yake andika mwezi na mwaka. Karo ya Januari, andika Januari. Kumalizia nyumba ya mama kule Siaya, andika mwaka unaofikiria kweli, si ule unaoombea. Kustaafu, andika. Pesa ambayo huna kitu cha kuandika kando yake pia iandike, hiyo ndio ina uhuru mwingi kuliko zote.

Ukimaliza utaona kuna mafungu matatu. Kuna ya kutumika ndani ya mwaka mmoja, kuna ya mwaka mmoja mpaka kama mitano, na kuna ya zaidi ya hapo. Fungu la kwanza halina biashara yoyote na soko la hisa la Nairobi (NSE), hata kama kila mtu ofisini anasema bei inapanda. Fungu la tatu ukiliacha kwa akaunti ya kawaida ya benki unaliua taratibu, na hapo ndio watu wetu wengi wamekosea juu tumefunzwa kwamba pesa ikiwa benki iko salama basi kazi imeisha.

Mtu wa mshahara kama mwalimu wa Kakamega na mtu wa msimu kama mkulima wa viazi Molo hawapangi sawa. Mwalimu anajua mwisho wa mwezi kuna kitu kinaingia, kwa hivyo akiba yake ya dharura inaweza kuwa ya miezi mitatu. Mwenye viazi, mwenye duka la nguo pale Wakulima Nakuru, mama wa omena pale Kibuye ambaye ziwa likifungwa anakaa bila mzigo, hawa wanahitaji miezi sita na zaidi, na hiyo iwe pesa inatoka siku hiyo hiyo au kesho yake.

HATUA YA 2: Maliza deni la bei ghali

Hii ni fupi. Kama uko na Fuliza kila wiki au mkopo wa app kwa simu, lipa hiyo kwanza. Hakuna bondi wala hisa inakupa kwa uhakika kile hayo madeni yanakutoa, na ukiyalipa faida unaipata bila kukatwa kodi yoyote. Mkopo wa sacco wa riba ya chini ni habari nyingine, huo unaweza kuendelea nao huku unaweka kidogo kidogo.

HATUA YA 3: Jua nini hasa hakikatwi kodi Kenya

Hapa kuna kuchanganyikiwa kwingi, kidogo kwa sababu watu wanasoma mambo ya Uingereza kwa simu. Kule Uingereza kuna akaunti inaitwa ISA, mtu anaweka mpaka pauni 20,000 kwa mwaka na anachagua mwenyewe iwe pesa taslimu au hisa, na zote mbili faida haiguswi na kodi. Ukiwa na dada ni nesi kule mwambie aitumie, lakini ujue lazima awe mkazi wa kule ndio aendelee kuweka, na kuanzia Aprili 2027 wale wa chini ya miaka 65 upande wa pesa taslimu wataweza kuweka pauni 12,000 pekee, hiyo ingine ikitaka kuingia iende kwa uwekezaji. Sisi hapa hatuna akaunti kama hiyo. Kwetu kila kitu kina kodi yake:

Riba ya akaunti ya benki, ya fixed (pesa unayoifungia benki kwa muda), ya mfuko wa soko la fedha (ile watu tunaita MMF, meneja anakusanya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi) na ya T-bill (mkopo wa serikali wa chini ya mwaka), zote zinakatwa asilimia 15. Inakatwa kabla haijakufikia, na hapo KRA imemalizana na wewe kwa hiyo riba. Bondi ya serikali ya chini ya miaka 10 ni asilimia 15, ya miaka 10 kwenda juu ni asilimia 10.

Bondi ya miundombinu, ile ya serikali ya kujenga barabara na maji na stima, riba yake haikatwi kitu. Hiyo ndio inayoitwa tax free kwa mitaa, na ndio ikitangazwa unaona watu wanakimbia.

Dividendi ya hisa, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, kwa mkazi wa Kenya inakatwa asilimia 5. Na sasa hii wengi hawaijui: ukiuza hisa iliyo kwenye soko la Nairobi kwa bei ya juu kuliko uliyonunua, hiyo faida haikatwi ile kodi ya faida ya mtaji. Ukiuza kiwanja pale Mamboleo faida yako inakatwa asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini ukiuza hisa za NSE hakuna. Kwa hivyo usiruhusu mtu akuambie kwamba akiba ndio haina kodi na hisa ndio zina kodi, kwetu mambo yamekaa karibu kinyume.

Kuna na pensheni. Ukichangia mfuko uliosajiliwa, mpaka shilingi 30,000 kwa mwezi inatolewa kwa mapato yako kabla kodi haijahesabiwa, ilipandishwa kutoka 20,000 mwisho wa mwaka 2024. Kama mshahara wako unafika kwa ile asilimia 30 ya kodi, kila 10,000 unayoweka pale inakuokolea 3,000 za KRA hapo hapo. Ubaya ni kwamba imefungwa, na karo ya mwaka ujao haiwezi kutoka humo.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya kinachobaki mkononi

Usilinganishe asilimia za kwenye mabango. Linganisha kinachofika mkononi.

Tuseme uko na 100,000 kwa mwaka mmoja. Akaunti ya benki ya kawaida inakupa asilimia 4, hiyo ni 4,000, kodi inachukua 600, unabaki na 3,400. Kama bei za vitu zimepanda asilimia 4.5 ule mwaka, mwisho wa mwaka pesa yako ni mingi kwa hesabu lakini inanunua unga kidogo kuliko ulivyoanza. MMF ikikupa asilimia 10 ni 10,000, kodi 1,500, unabaki na 8,500. Bondi ya miundombinu ya asilimia 12.5 ni 12,500 na zote ni zako.

Sasa geuza hesabu. Ili fixed ya benki ikulipe sawa na hiyo bondi, lazima benki ikupe asilimia 14.7, na bondi ya kawaida ya miaka mingi lazima iwe karibu 13.9. Njia ni rahisi, gawa asilimia ya bondi ya miundombinu kwa 0.85 ukilinganisha na kitu cha kodi ya 15, na kwa 0.90 ukilinganisha na kitu cha kodi ya 10. Ukijua hiyo peke yake meneja wa benki hawezi kukuzungusha.

Alafu riba hazikai mahali pamoja. Mwaka 2024 Benki Kuu ilikuwa imeweka riba yake kwa asilimia 13 na T-bill zikapita asilimia 16, na Februari ya huo mwaka ikatoka bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu iliyolipa asilimia 18.46 bila kodi. Kufika Oktoba 2025 riba ya Benki Kuu ilikuwa 9.25, na T-bill zikawa chini ya 10. Waliokuwa na MMF na T-bill waliona mapato yao yakishuka mwezi baada ya mwezi. Waliochukua ile bondi bado wanalipwa 18.46 yao, haijashuka hata nukta. Hiyo ndio kazi ya bondi ndefu, inakufungia bei. Lakini inafunga pande zote mbili, ukiichukua wakati riba iko chini alafu zipande, wewe unabaki na ile ya chini, na ukitaka kuiuza mapema unaiuza kwa hasara.

HATUA YA 5: Angalia nani analinda pesa yako

Benki zikianguka kuna shirika la bima ya amana, KDIC, linalolipa mpaka shilingi 500,000 kwa mtu kwa kila benki. Zamani ilikuwa 100,000. Wale walioshuhudia Imperial ikifungwa Oktoba 2015 na Chase Aprili 2016 wanajua ni kwa nini hiyo namba ni muhimu. Ukiwa na milioni na nusu usiiweke benki moja.

MMF hazina hiyo bima. Zinasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na pesa zenyewe zinashikwa na benki nyingine tofauti na meneja wa mfuko, kwa hivyo hatari ni ndogo lakini ipo. T-bill na bondi ni ahadi ya serikali ya Kenya.

Sacco. Hapa nataka nikae kidogo juu sisi watu wa magharibi na Bonde la Ufa sacco ndio benki yetu. Kwanza hakikisha ina leseni ya SASRA, mdhibiti wa sacco, orodha inachapishwa kila mwaka, tafuta jina la yako na usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Pili, ukisikia sacco imetangaza dividendi ya asilimia 18 au 20, uliza hiyo ni ya nini. Mara nyingi hiyo asilimia kubwa ni ya share capital (hisa zako za umiliki wa sacco), ambayo kwa wengi ni elfu ishirini au thelathini tu, na ile deposit yako (akiba ya kila mwezi) ya laki nne inalipwa asilimia nyingine iliyo chini. Tatu, share capital huwa hairudishwi, unaweza tu kuiuzia mwanachama mwingine, na deposit yenyewe unaipata ukijiondoa uanachama, na kuna notisi, kwa kawaida siku 60. Nne, na hii inauma watu sana, kama umemwekea mwenzako dhamana ya mkopo, deposit yako imefungwa mpaka alipe au apate mdhamini mwingine. Umewahi kuona mwalimu amestaafu na hawezi kutoka sacco juu ya mikopo ya watu watatu aliowasainia staff room? Kwa hivyo sacco ni nzuri sana kwa mtu anayetaka kukopa ajenge au alipe chuo, lakini usiihesabu kama pesa ya dharura hata kidogo.

Na mtu yeyote anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi kwa Telegram au kwa mkutano wa hoteli, usimalize hata chai. Wakenya walioweka pesa kwa DECI, ule mpango wa piramidi, mpaka ikaporomoka 2007 wengi walikuwa watu wa kanisa, wenye akili zao timamu, waliletwa na watu waliowaamini.

HATUA YA 6: Jinsi ya kununua bondi ya miundombinu bila dalali

Tangu 2023 Benki Kuu iko na app na tovuti inaitwa DhowCSD. Huhitaji kwenda Nairobi na huhitaji mtu wa kati. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya simu, barua pepe, na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako lile lile lililo kwa kitambulisho. Hapo kwa jina ndio maombi mengi yanakwama, mtu kitambulisho kinasema majina matatu na benki inajua mawili. Nyoosha hiyo kwa benki kwanza. Ukishajisajili unapigwa picha ya uso na simu, unangoja wakubali, unapata namba ya akaunti ya CSD, pale Benki Kuu inaandika bondi zako.

Baadaye unangoja tangazo. T-bill za siku 91, 182 na 364 zinapigwa mnada kila wiki. Bondi ni kila mwezi, lakini ya miundombinu haitoki kila mwezi, kwa hivyo weka mazoea ya kuangalia tovuti ya Benki Kuu na usome ile karatasi ya toleo yenyewe. Angalia vitu vinne: ni ya miundombinu kweli (huanza na herufi IFB), kiwango cha chini ni ngapi (huwa 50,000 na matoleo mengine 100,000), siku ya mwisho ya kuomba, na ratiba ya kulipa. Bondi zingine za miundombinu hurudisha mtaji kwa vipande kabla ya mwaka wa mwisho, kwa hivyo usishangae ukiona pesa imeingia kubwa kuliko riba. Si bonasi, ni pesa yako imerudi, itafutie kazi nyingine.

Ukiingia kwa app kuomba, utaulizwa unataka kushindana kwa bei au la. Chagua isiyo ya kushindana. Hapo unakubali wastani uliopatikana kwa mnada, na mtu mdogo hana sababu ya kupigania nukta na mabenki. Weka kiasi, hakikisha, tuma.

Matokeo yakitoka unaonyeshwa kiasi cha kulipa na namba ya malipo. Soma hicho kiasi vizuri. Kama ni bondi ya zamani imefunguliwa tena, na riba yake iko juu kuliko soko la sasa, bei inaweza kupita 100, na wewe uliyeomba bondi ya laki moja unaambiwa ulipe laki moja na elfu kadhaa. Hujaibiwa, unalipia riba iliyo juu na ile iliyokuwa imeshajijenga tangu malipo yaliyopita. Lakini kama hukupanga hizo elfu za juu zitakusumbua, kwa hivyo omba chini kidogo ya pesa uliyonayo. Lipa kutoka benki yako kabla ya siku na saa waliyoandika, na uandike ile namba ya malipo bila kukosea tarakimu. Ukishindwa kulipa wanaweza kukufungia minada inayofuata.

Kutoka hapo riba inaingia benki kila miezi sita, yenyewe. Mtu akipata bondi mbili za miezi tofauti, moja inalipa Januari na Julai na ingine Aprili na Oktoba, karo inaanza kujilipa kwa kiasi fulani, na mimi nimeona watu wa chama chetu wakifanya hivyo kwa makusudi kabisa, ni mpango mzuri sana. Kosa la kuepuka ni kula riba yote. Ukiila yote kila mwaka, baada ya miaka 10 laki yako itarudi ikiwa laki, na laki ya huo mwaka haitakuwa laki ya leo.

Ukihitaji pesa kabla ya muda unaweza kuiuza NSE kupitia broka au benki, kwa bei ya siku hiyo. Au unaiweka dhamana ya mkopo.

HATUA YA 7: Jinsi ya kununua hisa na kujua ulichonunua

Unafungua akaunti ya CDS (hiyo ni ya kuwekea hisa, si ile CSD ya bondi) kupitia broka mwenye leseni ya CMA, siku hizi wengi wanakufungulia kwa simu. Unatuma pesa kwa broka, unaagiza kampuni, idadi na bei unayotaka, muamala unakamilika siku tatu za kazi baadaye. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, ule mpango wa lazima uanze na 100 umeisha, kwa hivyo mtu wa boda anaweza kuweka mia tano kila wiki. Angalia ada tu. Kwa kawaida ada zote pamoja ni karibu asilimia 2 ukinunua na kiasi kama hicho ukiuza, kwa hivyo anayenunua na kuuza kila wiki anamfanyia broka kazi.

Hesabu ya karibu. Tuseme unanunua hisa 1,000 za Safaricom kwa shilingi 28. Hiyo ni 28,000 na ada 560, umetoa 28,560. Kampuni ikilipa dividendi ya 1.20 kwa hisa kama ilivyolipa kwa miaka ya fedha ya 2023 mpaka 2025, ni 1,200, kodi 60, unapata 1,140. Hiyo ni karibu asilimia 4 peke yake, chini ya MMF. Kwa hivyo mtu ananunua hisa akitarajia bei ipande na dividendi ikue na miaka. Bei ikifika 35 ukauza, unapata 35,000 toa ada 700, faida ni 5,740 mbali na dividendi, na KRA haichukui kitu hapo. Bei ikishuka 20 ukalazimika kuuza, unapata 19,600, umepoteza karibu elfu tisa, na ile 1,140 haifuti hiyo.

Neno kubwa hapo ni kulazimika. Angalia hiyo hisa ya Safaricom yenyewe. Ilitoka 2008 kwa shilingi 5, watu wakapanga foleni, wengine walikopa, na ndani ya mwaka ikawa chini ya bei waliyonunua. Wenye mkopo waliuza kwa hasara. Wenye subira waliiona ikifika karibu 45 mwaka 2021. Lakini aliyenunua kwa hiyo 45 akiwa na pesa ya kuanza kujenga 2023, alikuta iko kwa 12 hivi. Ni kampuni ile ile, na ilikuwa ikipata faida na kulipa dividendi miaka yote hiyo.

Na si kila hisa inarudi. Sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa, tuliona Mumias. Ilikuwa kiwanda kikubwa cha sukari nchini, iliorodheshwa NSE 2001, watu wa miwa na wafanyakazi na walimu wakanunua kwa sababu ni yetu, tunaona moshi wake, malori yanapita mbele ya nyumba. Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu (receiver) na biashara ya hisa zake ikasimamishwa, bei ya mwisho ikiwa senti 27. Mtu alikuwa anafanya kazi Mumias, analima miwa ya Mumias, na akiba yake ni hisa za Mumias, vyote vikaenda siku moja. Nikiwaambia vijana wasinunue hisa za kampuni inayowaajiri peke yake, ninawaza juu ya hao watu.

Kwa hivyo sheria zangu za hisa, na sibembelezi mtu. Pesa iwe ya miaka mitano kwenda juu. Iwe ya kampuni tano au sita za kazi tofauti, benki mbili, simu, viwanda, na kadhalika, au ununue kupitia mfuko wa hisa wa meneja mwenye leseni kama huna muda wa kusoma. Kampuni yoyote moja isipite robo ya pesa yako ya hisa. Nunua kidogo kidogo kila mwezi badala ya mara moja, ndio bei ikishuka mwezi mmoja unapata hisa nyingi kwa pesa ile ile. Na kabla hujanunua fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, iko kwa tovuti yao, uangalie mambo mawili tu kama hujui kusoma zingine: imepata faida miaka mitano iliyopita au la, na deni lake linakua haraka kuliko mauzo au la. Mumias ingekuonyesha hayo mapema.

HATUA YA 8: Sasa gawa

Rudi kwa ile karatasi ya tarehe.

Pesa ya ndani ya mwaka na ya dharura iende MMF, na kidogo ikae benki au M-Pesa kwa ajili ya usiku wa hospitali. Kodi ya asilimia 15 inakatwa, ndio, lakini hiyo ndio bei ya kuipata pesa kesho asubuhi, na mimi nalipa bila kulalamika.

Ya mwaka mmoja mpaka mitano, hapo ndio T-bill ya siku 364, fixed ikiwa bei ni nzuri, sacco kama unapanga kukopa, na bondi ya miundombinu ambayo imebakisha miaka michache. Unaweza kununua hiyo ya katikati ya safari kwa soko kupitia broka.

Ya zaidi ya miaka mitano, nusu bondi ya miundombinu na nusu hisa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu wa miaka 30 au 40. Ukiwa na 25 na huna wa kusomesha, ongeza hisa. Ukiwa na 58 na unahesabu miezi ya kustaafu, punguza hisa mpaka robo au chini, juu huna miaka ya kungoja soko lirudi. Ukiwa umeajiriwa, anza na pensheni kabla hata ya hizo mbili. Na kama laki haijafika, usisubiri ifike. MMF nyingi zinaanza na elfu moja, zingine mia moja, jaza hapo mpaka ufikie kiwango cha bondi, huku unanunua hisa mbili tatu kwa mwezi ujifunze soko linavyopumua kabla hujaweka pesa kubwa.

Kwa chama ni hivyo hivyo, isipokuwa kubalianeni kwa maandishi pesa inaitwa lini kabla ya kununua chochote. Vyama vingi nimeona vikigombana si kwa sababu hisa zilishuka, ni kwa sababu wanachama wanne walitaka pesa yao Disemba na haikuwa imepangwa kutoka Disemba.

HATUA YA 9: Mara moja kwa mwaka

Chagua mwezi mmoja, ukae chini. Angalia kama hisa zimepanda mpaka zimepita ile nusu, kama ndio uza za ziada upeleke bondi, kama zimeshuka elekeza riba ya bondi kwa hisa. Pesa ambayo tarehe yake imebaki mwaka mmoja, itoe kwa hisa hata kama soko linapanda. Kitu kingine usikiguse. Hakuna haja ya kufungua app ya broka kila asubuhi kwa matatu.

Alafu hii ya mwisho naomba uifanye wiki hii. Andika namba yako ya CDS, ya CSD, ya MMF na ya sacco kwa daftari moja, jaza mrithi kwa kila fomu inayouliza, na umwonyeshe mke, mume au mtoto mkubwa daftari liko wapi. Hakikisha dividendi zinaingia kwa namba ya simu au benki unayotumia sasa, si ile laini uliyopoteza 2014. Familia nyingi huku zina hisa za baba ambazo hakuna anayejua ziko, na dividendi ambazo hazikuchukuliwa kwa miaka zinapelekwa kwa mamlaka ya mali isiyodaiwa, UFAA. Piga *361# uangalie kama kuna jina la nyumba yenu.